Viporo vya mifarishi: mfuko wa zipu, boksi la plastiki au shangazi kaja?

Mshindi wa kuhifadhi viporo, yaani mifarishi iliyoachwa nusu njia, tumtaje mapema: ni mfuko wa zipu wa A4, ule wa plastiki yenye nyuzi za wavu ndani, unaouzwa maduka ya vifaa vya shule kwa ajili ya kuwekea karatasi. Vyombo vyote vitatu (shangazi kaja ni lile begi kubwa la miraba lenye zipu) tumevipima kwa maswali mawili. Mfarishi wa viraka ukikwama nusu njia na kukaa humo miezi sita, je, utarudi cherehanini ukiwa mzima? Na je, chombo chenyewe kinakuzuia usianze mwingine?

Chukua mfarishi wa kawaida wa kitanda cha mtu mmoja: viraka vya inchi 6 kwa 6, safu 15 zenye viraka 11 kila moja, jumla 165. Ukishaunga kwa mshono wa robo inchi kutoka ukingoni, uso, yaani tabaka la juu la viraka, unatoka karibu sentimita 154 kwa 210. Viraka hivyo vyote vinaenea kwenye mfuko mmoja wa A4, marundo mawili yakilala ubavu kwa ubavu. Humo humo inaingia sindano iliyobaki kwenye pakiti yake, uzi na kadi. Kinachozidi hapo si cha mfarishi huo, kitoe.

Kadi hiyo ndiyo roho ya mfuko, na wengi huiruka. Iandike hivi: mshono robo inchi, mguu wa cherehani uliotumika, urefu wa hatua ya mshono milimita 2.5, sindano namba 12, safu zilizokwisha kuungwa, viraka vilivyobaki kwa kila kitenge. Kwa nini hadi mguu wa cherehani? Kwa sababu ukirudi baada ya miezi sita na mguu mwingine, mshono ukazidi milimita 1 tu, kila kiungo kinakula milimita 2. Safu ya viraka 11 ina viungo 10, kwa hiyo safu mpya inakuwa fupi kuliko ya zamani kwa sentimita 2. Hapo ndipo watu huvuta kitambaa kilingane, uso unajikunja kama chapati iliyopoa, na kiporo kinarudishwa kabatini kwa hasira. Mfarishi haukuwa na tatizo. Kipimo ndicho kilichosahaulika.

Andika kwa penseli. Plastiki laini ya mifuko hii hunasa wino wa fotokopi, na mchoro uliochapishwa ukikaa humo muda mrefu hubaki umegandia ukutani mwa mfuko. Gazeti ndiyo kabisa lisiguse viraka, wino wake unahamia kwenye kitambaa.

Udhaifu wa mfuko ni zipu. Kichwa chake huchomoka kwenye kona, hasa ukiujaza ukavimba. Chagua wenye kishikio kilichoshonewa mwishoni, si kilichobanwa kwa joto tu. Ile ya plastiki tupu isiyo na wavu tunaipa alama ya chini: inanuka, inashikana joto likipanda, na inachanika kwenye mkunjo.

Boksi la plastiki lenye kifuniko, lile la lita 50 hivi, linaonekana la maana dukani, na kwa mtu mwenye uso uliokwisha kuungwa linafaa. Kwa viraka halifai. Lina kina, na chenye kina kinazika. Kiporo cha chini huonekana tena siku ya kuhama nyumba. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja kuna shida ya pili, ukungu. Kitambaa kilichotoka kwenye pasi ya mvuke kikifungiwa humo kingali na unyevu, vidoadoa vyeusi vinafuata. Kiache kipoe na kukauka hewani saa nzima kabla ya kufunika, na boksi lifunguliwe mara moja kwa wiki wakati wa masika. Likae mbali na dirisha pia, maana jua linapenya boksi angavu na kufifisha upande mmoja wa mkunjo. Uso usikunjwe pale pale kila mara. Afadhali uzungushe kwenye bomba la karatasi ngumu linalobaki jora la kitambaa likiisha.

Mfarishi uliokwisha kupangwa tabaka tatu (uso, faiba ya kujaza katikati, mgongo) usiwekwe popote ukiwa na pini. Unyevu wa pwani hutia pini kutu, na doa la kutu kwenye pamba halitoki kwa sabuni. Kama hutaushona wiki hiyo, toa pini, piga bandi, ushonaji wa muda tu, kwa uzi mweupe, mishono ya inchi 2, mistari iachane sentimita 10. Uzi wa rangi unaweza kuchuja. Kisha uviringishe ndani ya shuka kuukuu la pamba. Na viporo vya hatua hii visizidi kimoja.

Shangazi kaja? Libebe faiba ya poliesta na basi. Faiba hiyo haisumbuliwi sana na unyevu, ila usiishindilie, itabaki na mikunjo. Kitambaa kikikaa humo kinapata vumbi, na mende wanajipitia zipu ikikaa wazi.

Sasa namba: mifuko minne. Kipya kinaanza mfuko mmoja ukiwa mtupu, basi. Mifuko hii huuzwa kwa dazani kwa bei inayoshawishi, na hapo ndipo mpango unapovunjika. Nunua minne, minane muachie jirani.

Wizi wa ndani nao una dawa. Kiporo kikubwa hufa kwa sababu kipya kiliazima kitenge chake, na ukirudi dukani chapa ile haipo tena. Kwa mfarishi wetu nunua vitenge vinne, kila kimoja yadi 1 na robo. Vifue vyote kwanza, maana vinaweza kupungua inchi moja au mbili kwa yadi. Vyekundu na vyeusi vijaribu kama vinachuja rangi, kwa kukandamiza kitambaa cheupe kilicholowa. Kata mikanda 6 ya inchi 6 kwa kila kitenge, kila mkanda viraka 7, unapata 168: vitatu ni vya akiba. Siku hiyo hiyo, kwenye mabaki, kata mikanda 7 ya inchi 2 na nusu kwa ajili ya pindo, iviringishe, iingize mfukoni chini ya viraka.