Msitu mdogo wa Kent kwa macho ya seremala wa Gikomba

Nimefanya useremala Gikomba kwa miaka 26, na mti ninaoujua mimi ni ule unaonifikia umeshapasuliwa, umelala juu ya mkokoteni. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia, "Baba, Jumamosi nakupeleka msituni," nilikubali kwa ajili yake tu. Yeye ni muuguzi huko Uingereza, siku zake za kupumzika ni chache, na nilitaka tukae pamoja popote atakapo. Sasa nimerudi Nairobi wiki ya tatu na habari ya msitu ule haijaniisha mdomoni. Naandika kwa wazazi wenzangu wenye watoto huko, ambao wakienda kuwatembelea huishia London kupiga picha mbele ya majumba.

Msitu wenyewe uko Kent, nje ya kijiji kimoja kisicho mbali na Canterbury. Jina lake silitaji, binti yangu ameniomba hivyo: njia ni nyembamba, na wageni wakizidi maua hukanyagwa. Lakini misitu ya namna hiyo ni mingi mkoani humo. Ukifika mwanzoni mwa Mei, muulize mwenyeji yeyote blubeli, yale maua ya buluu ya msituni, ziko wapi, atakuonyesha.

Kufika Canterbury ni rahisi. Treni ya kasi kutoka kituo cha St Pancras, London, huchukua kama saa moja. Kazi ni kutoka hapo. Tulingoja basi la kijijini dakika hamsini, halikuja, na huko hakuna boda wa kukuokoa. Panga usafiri mapema, au uwe na mwenyeji mwenye gari.

Hakuna lango. Hakuna askari wala tiketi. Kuna nguzo fupi yenye mshale wa manjano, na ngazi ya mbao ya kuvukia ua. Nilisita, kwa sababu nyasi tulizotakiwa kuzikanyaga zilikuwa za mkulima na kondoo wake walikuwa wakitutazama. Binti yangu akanieleza kuwa sheria yao inalinda njia za zamani za miguu: shamba ni la mtu, lakini njia ni ya kila mtu, mradi usiiache. Mtu aliyezoea kuta za Nairobi zenye vigae vya chupa juu yake ataelewa kwa nini nilisimama pale kwenye ngazi kidogo.

Msitu ni mdogo, ekari kumi na tano hivi. Msitu wetu wa Karura, Nairobi, una zaidi ya hekta 1,000, kwa hiyo usiende ukitafuta ukubwa. Unaingia, hatua ishirini tu, na ardhi yote inageuka buluu. Nilidhani ni moshi. Blubeli hazifiki magotini, kila ua ni kengele ndogo iliyoinamisha kichwa upande mmoja, na zikiwa nyingi hivyo zina harufu tamu, nyepesi, ambayo ukiinama kuifuata huipati tena. Huchanua kuanzia Aprili hadi Mei kwa sababu ya mwanga: miti mikubwa bado haijafunga majani, jua linafika chini, nazo zinawahi. Mwezi mmoja baadaye kivuli kimeshatanda na zimekwisha. Usikanyage majani yake hata kwa picha moja. Yakivunjika, tunguu chini hudhoofika na huchukua miaka kurudi katika hali yake. Kuzing'oa ni kosa, zinalindwa na sheria ya mwaka 1981. Na mtoto asizitie mdomoni, zina sumu.

Lakini mimi kilichonishika ni visiki.

Katikati ya msitu kuna sehemu ya miti iitwayo chesnati, na kila mti si mti mmoja. Ni kisiki kipana, kingine nilikipima kwa hatua nikapata zaidi ya mita mbili kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake yamesimama mashina manane, kumi, yamenyooka kama nguzo za hema. Sisi tunajua mkaratusi ukikatwa huchipua. Wenzetu wamefanya jambo hilo kuwa kilimo. Wanakata karibu na ardhi wakati wa baridi majani yakiwa yameanguka, kisiki kinachipua, wanangoja miaka kumi na miwili hadi ishirini, wanakata tena. Hawakati msitu wote kwa pamoja, wanachukua kipande kimoja, mwaka mwingine kipande kingine. Kisiki kinaweza kuishi karne kadhaa kwa kukatwa hivyo. Na kila kipande kinapofunguliwa mwanga unaingia, na maua yanazidi. England msitu huitwa wa kale ukiwa umekuwepo tangu angalau mwaka 1600, na mingi ya misitu hiyo ilikatwa hivyo kwa karne nyingi.

Nilikaa kwenye gogo. Nilikuwa nafikiria Februari 2018, serikali ilipositisha ukataji katika misitu ya umma na saipresi ikapanda bei hadi nikawaacha vijana wangu wawili waende nyumbani. Sikuilaumu marufuku ile, maana mito ilikuwa inakauka na kila mtu aliona. Ila tangu wakati huo nilikuwa nimeamini kwamba ama fundi apate mbao, ama msitu ubaki. Pale Kent nilikuwa nimekalia gogo katika msitu ambao umelisha mafundi mamia ya miaka na bado una ndege.

Mbele kidogo tulimkuta mzee mmoja akipasua nguzo za uzio. Alikuwa na kisu kirefu cha chuma chenye mpini uliosimama wima, na rungu. Anakipiga kisu kichwani mwa gogo, anabinya mpini, mbao inafunguka yenyewe kufuata nyuzi zake, bila msumeno. Niliomba kujaribu. Alinitazama mikono, akanipa. Jaribio la tatu lilitoka sawa na akanipiga bega. Akaniambia, kwa tafsiri ya binti yangu pale lafudhi iliponishinda, kwamba nguzo za chesnati hudumu ardhini miaka mingi bila dawa, kwani hata mti mchanga una moyo mgumu. Nikamweleza habari za posti zetu za mwerezi, zile za mutarakwa ambazo mchwa huzipitia mbali. Alitaka kujua kila kitu.

Ni yeye aliyetuonyesha ndege mmoja mdogo, kijani cha kufifia, uzito wa gramu kumi hivi, akiimba wimbo unaoshuka polepole kama mtu anayetelemka ngazi. Ndege hao huwasili Aprili. Miezi ya baridi hukaa Afrika, kusini mwa Sahara, wengine hapa hapa Kenya. Nilimtazama kama mtu wa nyumbani.

Njiani kurudi nikachomwa mguu na mmea, nikaujua kabla sijauona: thabai, mboga ile inayowasha! Si ile yetu hasa, ila ni ndugu yake. Binti yangu alikuwa ameipita miaka minne bila kuichuma. Tulichuma vichwa vichanga kwa mifuko mikononi, na jioni hiyo tukavipondea kwenye viazi, tukala mukimo.

Mapungufu yapo. Tope ni la kweli, hata Mei. Nenda na gambuti. Choo hakuna, wala pa kununua maji. Mbwa wengi huachiwa huru, na mmoja alinirukia kifuani kwa miguu ya tope huku mwenyewe akicheka; anayeogopa mbwa ajiandae. Kibao cha kueleza historia ya visiki hakuna, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana mgeni anaweza kupita akidhani ni vichaka tu. Natoa nyota nne na nusu.

Yule mzee alinipa kipande cha chesnati urefu wa kiganja. Nilikichonga kiwe kigingi cha kutundikia nguo, usiku mezani kwa binti yangu, kisu cha jikoni kikiwa bado kimelowa, na kila kilipogusa pakabaki alama ya buluu iliyokolea, karibu na weusi. Ni tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mti, ikikutana na chuma. Kwa hiyo sikutumia msumari. Nilitoboa tundu kwenye ubao ulio nyuma ya mlango wake, nikakikaza kigingi kwa kabari ya mbao ile ile, akatundika koti lake la kazini.

"Baba, kitashika?" aliniuliza.

"Vuta uone, mama."

Akavuta kwa mikono miwili.