Suti ya nyuki ya kike: nimeivaa msimu mzima, haya ndiyo niliyoyaona

Misimu mitatu nilirina asali ndani ya ovaroli ya shemeji yangu. Mikono niliikunja mara mbili, miguu nikaifunga kamba juu ya gambuti, na bado msamba ulining'inia karibu na magoti. Kuvuka gogo ilikuwa kazi. Ajabu ni kwamba vazi hilohilo lililonizidi urefu lilinibana nyonga na kifua. Nikiinama juu ya mzinga, kitambaa kinavutika na kushikana na ngozi, na hapo ndipo nyuki wanapokupatia. Mwiba wa nyuki ni mfupi, nguo ikikaa mbali na mwili haufiki. Ikigusa tu, umeumia.

Na sisi kuinama ndiyo kazi yenyewe. Kikundi chetu cha akina mama, huku Sikonge, hakipandi miti kama wanaume wenye mizinga ya magogo. Mizinga yetu ni ya viunzi, yaani masanduku yenye vipande vya mbao ambavyo nyuki hujengea masega, tumeitundika kwa waya usawa wa kiuno.

Mkoa wa Tabora una chuo cha nyuki na asali inauzwa kila kona, lakini mimi kila duka nililouliza vazi la mwanamke nilipewa ovaroli ya kiume ya saizi ndogo. Mwishowe nikampata fundi cherehani mjini, akanipima na kunishonea kwa Sh 110,000. Kitambaa ni pamba nzito nyeupe, vipande viwili: suruali, na jaketi lenye kofia na wavu.

Suruali naisifu bila kusita. Nyonga pana, kiuno lastiki na kamba. Nitasema wazi, wenzangu mtanielewa: haja ndogo. Ukiwa na ovaroli inabidi uvue kuanzia shingoni, katikati ya msitu, na nyuki wenye hasira bado wanakufuata. Ndiyo maana wengine wetu tulikuwa hatunywi maji tangu mchana, halafu kichwa kinagonga kwa moshi na joto. Sasa nasogea pembeni, nashusha suruali, basi. Hilo peke yake limerudisha nusu ya hela yangu.

Lakini vipande viwili vina mlango katikati. Nikinyanyua mikono, jaketi linapanda. Siku ya pili nyuki mmoja akaingia kiunoni, na nyuki akishaingia hupanda juu. Huyu alinichoma chini ya kwapa. Tangu hapo najifunga kipande cha kanga kama mkaja, juu ya maungio. Fundi angerefusha jaketi kwa shibiri moja tusingefika huko.

Kofia nayo imeshonwa kana kwamba sisi hatuna nywele. Nilikuwa na rasta nimezifunga fundo, kofia ikanyanyuka, wavu ukanigusa kidevu, nikachomwa hapohapo. Siku hizi kabla ya kurina nasuka twende kilioni. Wanaovaa hijabu wafunge kitambaa chepesi cha kubana kichwa, kisiwe na pini. Wavu wenyewe ni mzuri, mweusi, unaona vizuri hata jua likizama.

Glavu sizipendi kabisa. Ni za ngozi, za vidole virefu vya kiume. Ukishika sega huhisi kitu, unamponda nyuki, na harufu inayotoka, kama ya ndizi mbivu, inawaita wenzake. Nimeziweka kando, natumia za mpira mzito za kufanyia usafi. Mkono unalowa jasho, lakini nahisi ninachoshika. Mkono wa jaketi unapita juu ya glavu, kisha nafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Halafu urembo. Fundi aliona suti ya kike lazima ichangamke, akaweka mifuko ya rangi ya damu ya mzee. Nyuki hawapatani na rangi nzito. Jioni ya kwanza waliishambulia ile mifuko kama vile imewatukana! Nilimrudishia aifumue.

Joto lipo, hata tukirina jioni. Baada ya kazi ifue, maana harufu ya miiba hubaki kwenye kitambaa na safari inayofuata utapokelewa kwa vita. Wavu ufue kwa mkono, taratibu, bila brashi. Weupe usiutarajie tena, moshi na gundi ya nyuki havitoki.

Nimeshapeleka vipimo vya wenzangu wanne. Jaketi zote ziongezwe shibiri. Mmoja ananyonyesha, ameomba zipu ya mbele ishuke hadi chini, na fundi amekubali bila kuongeza bei.