Walinifungia mlango Juliet akiagana na mumewe

Nilikaa chini niandike nyota moja tu, kisha nikalale zangu.

Nilikwenda kuangalia Romeo na Juliet, ile baleti ya Kenneth MacMillan yenye muziki wa Prokofiev, kwenye jumba moja huku Uingereza. Hadithi mnaijua. Sehemu mbili za mwanzo nilikaa mdomo wazi. Pale kibarazani Juliet anainuliwa, anateremshwa, anainuliwa tena kama kanga kwenye kamba siku ya kaskazi.

Yakaja mapumziko. Foleni ya choo cha wanawake imefika kwenye ngazi! Kengele inalia, mimi bado nina povu la sabuni mikononi. Nakimbia, nafika, kijana wa mlangoni ananyoosha mkono: "Umechelewa." Macho yake yako kwenye simu. Namwambia kiti changu kile pale, nakiona. "Sheria ni sheria." Sawa, sheria, lakini si unitazame basi ninaposema nawe?

Kwa hiyo ile asubuhi wanapoagana chumbani, jambo lililonitoa nyumbani, nimeiangalia kwenye televisheni ya ukutani isiyo na sauti, ndogo kama sinia, na taa imemulika kioo. Miguu yao sikuiona. Mimi mtoto wa Tanga nimezoea taarabu: unaingia utakapo, unakwenda mbele kutunza, unarudi unacheza. Sijapata kufungiwa wimbo mimi!

Romeo alipokwisha kuondoka, wazazi wa Juliet wakaingia na yule Paris wao, mchumba waliyemchagulia, ndipo kijana akafungua. Nikasimama nyuma kabisa, nimenuna. Mara Juliet kabaki peke yake, kaketi ukingoni mwa kitanda, katukazia macho. Hachezi. Okestra inanguruma, yeye hatikisi hata kidole. Machozi yakanitoka nimesimama. Kule kaburini Romeo anambeba kama gunia, anajaribu kucheza naye, na ile miguu iliyokuwa haigusi chini kibarazani sasa inaburuzwa.

Halafu nikakumbuka kwamba MacMillan alimtungia mchezaji Lynn Seymour nafasi hii ya Juliet, ila usiku wa kwanza, London 1965, wakubwa wakampa mchezaji mwingine, Margot Fonteyn. Kumbe hata Seymour mwenyewe alifungiwa mlango.

Wachezaji nyota tano. Yule kijana sina la kumpa. Nimeshakata tiketi ya Jumamosi, na siku hiyo tangu adhuhuri sinywi maji.