Bima ya safari na gari la kukodi Texas: ilicholipa na ilichokataa

Nilikata bima hii Dar kabla ya kwenda Houston kwenye harusi ya binamu yangu. Naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili zimeliwa na kipeperushi chao, kilichoandika kwa herufi nene "dhima kwa mtu wa tatu hadi dola 100,000" (yaani fidia kwa mtu uliyemuumiza au kumharibia mali), halafu kikanyamaza.

Mimi nilikuwa na mpango wa kukodi gari, kwa hiyo nikaomba mkataba mzima nikausoma. Sehemu ya dhima inalipa kama umevunja kioo cha hoteli, au umemgonga mtu na toroli la mizigo uwanja wa ndege akaumia. Ukishuka chini kwenye yasiyolipwa, unakuta: madai yoyote yanayotokana na kumiliki, kushikilia au kuendesha chombo cha moto. Nikampigia dada wa ofisini kuhakikisha. Hakuzunguka: "Kaka, gari halimo kabisa. Ukigonga, hiyo ni kazi ya bima ya gari lenyewe." Angalau alisema kweli kabla sijalipa.

Swali likawa gari lenyewe lina bima gani. Wanaokwenda Ulaya hapa wana nafuu. Ujerumani gari haliingii barabarani bila bima ya dhima, na kiwango cha chini kwa watu walioumia ni euro milioni 7.5, kwa hiyo gari la kukodi huja nayo. (Ile bima ya euro 30,000 ya viza ya Schengen ni ya matibabu yako wewe, msije mkaichanganya.) Texas ni habari nyingine. Kiwango cha chini cha sheria ni dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa ajali nzima, na 25,000 kwa mali. Kwa bei za hospitali za kule, 30,000 inaweza kuisha mgonjwa bado yuko wodini. Na tangu 2005 kuna sheria ya shirikisho inayozuia kampuni ya kukodisha kudaiwa kwa sababu tu gari ni lake, labda iwe imezembea yenyewe. Kinachozidi kinamfuata dereva.

Kwenye kaunta ya kukodi gari, walipoanza kunitajia bima za ziada, nilikuwa na shemeji yangu, mkazi wa miaka mingi. Akaninong'oneza: "Shem, hizo zote kataa, hapa kila mtu anakataa." Ni kweli wenyeji wengi hukataa, lakini wana bima za magari yao nyumbani, na mara nyingi hizo huwafuata hata kwenye gari la kukodi. Mimi gari langu liko Tabata na bima yake haivuki bahari. Kadi ya benki nayo isikudanganye: zile zenye faida ya gari la kukodi kwa kawaida hugusa uharibifu wa gari ulilokodi. Uliyemgonga hayumo.

Nikachukua dhima ya ziada, hadi dola milioni moja, kama dola 15 kwa siku. Nikachukua na ile ya uharibifu wa gari lao, kwa shingo upande, maana ukijumlisha zote mbili zinakaribia bei ya kukodi gari lenyewe. Yule kijana wa kaunta aliiita hii ya pili "bima kamili". Si kamili hata kidogo: inakulinda na kampuni ya gari tu, mwenye gari la pili haimhusu. Bima ya ajali binafsi niliikataa, matibabu nilikuwa nayo tayari.

Usiku wa harusi, nikipiga rivasi kwenye pakingi ya ukumbi, bampa ikaukwangua mlango wa piki-apu ya mtu. Mlango ukabonyea kidogo, rangi ikatoka. Mwenyewe hakufoka, tukapigana picha za leseni na namba za magari. Baadaye ikaja barua ya kampuni yake ya bima ikidai gharama za mlango. Nikaituma kwa namba iliyokuwa kwenye mkataba wa kukodi, wakalimaliza wao kwa wao. Sikutoa hata senti.

Makusudi kabisa, barua hiyohiyo nikaituma pia kwa bima ya safari. Jibu likawa aya moja, yenye namba ya kifungu kilekile nilichokisoma Dar. Kwa upande mwingine, tumbo liliponishika kule, walilipa zahanati bila usumbufu, na hilo ndilo linaloitetea.

Dada yangu anajiandaa kwenda, na nimemwambia aweke oda ya gari mapema akiwa huku huku. Baadhi ya makampuni yana bei za wageni ambazo dhima na uharibifu vimo ndani, na mara nyingi hutoka nafuu kuliko kuvinunua kimoja kimoja kaunta. Pia kama mumewe atashika usukani, jina lake liandikwe kwenye mkataba, la sivyo akigonga yeye wanaweza kukataa kulipa.