Toyota 86 na vipuri vya nyongeza: nilivyofunga, nilivyovikataa

Katika kila nilichokifunga kwenye Toyota 86 yangu, shokapu za SACHS, kampuni ya Kijerumani, ndizo zilizolibadilisha gari zaidi. Naanza nazo kwa makusudi, kwa sababu hapa Dar es Salaam mtu akipata gari la michezo jambo la kwanza analowaza ni kulishusha. 86 ilitoka kiwandani ikiwa sentimita 13 tu kutoka ardhini. Ukishaongeza abiria na matuta yetu, hicho kimo hakina cha kupunguzwa.

Gari langu ni ZN6 (kizazi cha kwanza cha 86) ya 2017, gia ya mkono, lililoletwa kutoka Japani likiwa na shokapu za kawaida. Mwaka 2016 Toyota iliiboresha 86, na mnunuzi wa Japani akaweza kuchagua shokapu za SACHS na breki za Brembo, kampuni ya Kiitaliano, kama nyongeza za kiwandani. Kwa hiyo shokapu hizi zilipimwa na watu walewale waliolibuni gari. Niliagiza seti iliyotumika, zote nne, na fundi akazifunga kwa springi zangu zilezile na boliti zilezile. Hakutoboa wala kukata chochote, na kimo hakikubadilika.

Tofauti niliisikia kwenye barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Ni kilomita zipatazo 30 za kona juu ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Zamani ukiingia kona yenye kiraka cha lami, nyuma ya gari ilirukaruka kidogo kabla haijatulia. Sasa tairi inapita juu ya kiraka, inatua mara moja, na gari linaendelea na kona. Kwenye matuta ya mjini ni ngumu kiasi, lakini si ugumu wa kukuumiza mgongo. Nimewahi kuendesha 86 ya rafiki yangu iliyofungwa shokapu za kurekebisha kimo, za bei rahisi, na ile ukipita tuta unalisikia hadi kwenye meno.

Sasa nije kwenye rimu, maana hapa ndipo naona magari ya watu yakiharibiwa. 86 ina nembo ya Toyota, lakini ilibuniwa kwa ushirikiano na Subaru na kuundwa kwenye kiwanda cha Subaru mkoani Gunma. Ukifungua tairi unakutana na Subaru mtupu. Matundu ya boliti ni matano kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati ni milimita 56.1. Toyota nyingi ndogo zenye matundu matano ya 100 zina tundu la katikati la milimita 54.1, hivyo rimu zake hazikai kwenye habu (kitovu kinachobeba rimu) ya 86 hata ukilazimisha. Rimu za Impreza za duara hilohilo la 100 zinaingia vizuri. Ukinunua rimu za madukani zisizo za kampuni ya gari, mara nyingi tundu lake ni kubwa kupita habu, na lazima upate pete za kujazia. Bila pete hizo rimu inakaa kando kidogo, na usukani unatetemeka ukifika mwendo wa safari.

Kubwa zaidi ni nati. Nati za 86 ni za milimita 12 zenye hatua (nafasi kati ya hesi moja na nyingine) ya 1.25, kama za Subaru. Za Toyota nyingine nyingi ni 12 kwa 1.5. Kwa macho zinafanana kabisa. Siku ninafunga rimu mpya huko Gerezani, fundi alichukua nati kutoka kwenye kopo lake na kuniambia, “Bosi, hizi za Toyota, zinaingia tu.” Nilimzuia kabla hajaweka spana. Ingeingia kweli, mizunguko miwili au mitatu, halafu ingeanza kukwama, na mashine ya upepo ingemaliza kazi ya kuharibu hesi za stadi zote, yaani boliti za habu. Anza nati kwa vidole. Ikigoma kuzunguka kwa vidole, si yake. Mwisho kaza kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu, hadi Nm 120. Fundi asiye nayo mwombe akaazime, na asipokuwa na pa kuazima, nenda gereji nyingine.

Kipuri kidogo kuliko vyote nilichofunga ni kikaza mlango cha TRD, kitengo cha mashindano cha Toyota. Kinafungwa pale mlango unapojishika kwenye bodi. Ndani yake kuna kabari yenye springi inayoziba nafasi ndogo inayobaki mlango ukifungwa, ili mlango na bodi viwe kitu kimoja gari linapopinda. Nilikuwa na shaka nacho, nakiri. Lakini usukani umekuwa mwepesi kujibu pale unapoanza tu kuuzungusha, na mlango hauchezi tena kwenye barabara ya vumbi. Kazi yenyewe ni dakika chache kwa biti ya nyota. Jihadhari na nakala bandia. Nilishika moja dukani, kabari yake ilikuwa ya plastiki laini na haikurudi nilipoisukuma. Hiyo haizibi chochote.

Nimefunga pia vyuma vya mbele vya STI, kitengo cha mashindano cha Subaru, vile vinavyounganisha vichwa vya shokapu na ukuta wa nyuma ya injini. 86 ilikuja na vyuma vyake vya umbo la V mahali hapo. Vya STI vina kiungo cha tufe la chuma katikati, kwa hiyo vinazuia bodi kwenda kando lakini vinairuhusu kupanda na kushuka. Kwa barabara zenye mashimo hilo ni jambo la maana. Ni vya BRZ, pacha wa 86 mwenye nembo ya Subaru, kwa jina, ila vimekaa kwangu bila tatizo.

Bomba la moshi la nyuma sikulibadilisha. Katalisti (kisafisha moshi) ya kwanza ya injini hii imejengwa pamoja na manifoldi, bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini, kule mbele kabisa, hivyo bomba la nyuma linakupa sauti na si nguvu. Bampa ya chini ya TRD nayo niliiacha. Ni nzuri mno kwa macho, lakini inapunguza kimo, na tena lazima uwe na uhakika wa toleo: bampa za mbele za kabla na baada ya 2016 ni tofauti, ya huku haikai kule.

Kuna la redio, ambalo wauzaji hawalisemi. Redio ya Japani inaanzia masafa ya FM 76, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu kuliko inapoishia. Nilitoa ile ya kijapani na kuweka nyingine kwa fremu na soketi za kuchomeka, sikukata waya hata mmoja. Fundi wa redio akitoa koleo kabla ya kuuliza soketi, mshukuru na uondoke.

Kinachofuata ni Brembo. Kiwandani breki hizo zilikuja na rimu zake za inchi 17 zenye upana wa 7.5, si zile za upana wa 7 nilizokuja nazo. Kuna watu wananiletea kaliper (kifaa kinachobana diski) peke yake kwa bei nzuri. Nazikataa hadi nipate diski, pedi na rimu zake kutoka kwenye gari moja, na zote nitazifunga siku moja.