Shoo ya metali: klabu ndogo ama uwanja wazi?

Juzi tukila mahamri na mbaazi hapa Kongowea tukabishana shoo ya roki au metali inanoga wapi. Mi niko klabu, wallahi. Ukiwa mita mbili na dramu, zile pedali mbili za besi unazisikia kifuani kabla ya masikioni, mpiga gitaa akikosea unamwona, mwimbaji akiruka anakuangukia wewe. Shida ni joto letu hili la Mombasa, feni mbili watu mia, unatoka umelowa kama umevuka Likoni kwa kuogelea na masikio yanalia mpaka kesho (beba viziba masikio bana, si aibu).

Uwanja nao una raha yake, lile tamasha la metali la Wacken kule Ujerumani liko tangu 1990, matope mpaka magotini na watu bado wanaenda. Lakini sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, sa ukiwa mita 170 nyuma na spika zote ziko mbele, unaona fimbo ya dramu inashuka halafu mlio unakuja nusu sekunde baadae, na huku pwani kusi ikivuma yaani ndo basi. Moto na taa sawa, ila gitaa unaliangalia kwa skrini, si ungekaa tu nyumbani?