TAHADHARI: Wauzaji wa "seti kamili" za dishi la nyumbani na la motahomu

Kwa mlioko Marekani mnaotaka kuhama DirecTV kwenda DISH, kampuni mbili za runinga ya setilaiti, au kinyume chake: wapo watu mtandaoni wanaouza "seti kamili" ya mtumba, yaani king'amuzi, dishi na kebo, eti ni kuchomeka tu, nyumbani na kwenye motahomu (gari lenye makazi ndani yake). Msitume hela kabla ya kukagua haya.

Mtego mkubwa ni king'amuzi. Vingi ni vya kukodi, na mteja akijitoa anatakiwa kukirudisha. Asipokirudisha akakuuzia, umenunua mali ya kampuni, na kikiwa na deni hakitawashwa kwa akaunti yako. Muuzaji atakutumia video menyu ikionekana. Hiyo haithibitishi chochote, kwa sababu menyu hutoka ndani ya king'amuzi chenyewe, hata dishi lisipokuwepo. Dai picha mbili: ukurasa wa taarifa za mfumo kwenye runinga, wenye namba ya king'amuzi (na ya kadi inayochomekwa ndani yake, kama ipo), na stika iliyobandikwa kwenye king'amuzi. Namba zikitofautiana, achana naye. Zikilingana, pigia kampuni unayohamia, kwa simu iliyo kwenye tovuti yao, si uliyopewa na muuzaji. Uliza kama ni cha kukodi, kama kina deni, na kama modeli hiyo bado inaunganishwa. Bei izungumzwe baada ya hapo.

Dishi nalo lina hila zake. LNB, yaani kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, ya kampuni moja haielewani na king'amuzi cha nyingine, hata kama kebo ni ileile na koneta zinaingia vizuri. Kwenye motahomu ni kugumu zaidi. Chaneli za HD za DirecTV hutumia bendi ya Ka (kundi la masafa ya mawimbi) kutoka setilaiti zilizo nyuzi 99 na 103 angani, na zile kuba ndogo za juu ya paa, yaani dishi dogo lililofunikwa, hazipokei bendi hiyo. Anayekuahidi HD ya DirecTV kwa kuba ndogo anakudanganya. DISH hurusha HD kwa bendi nyingine, ya Ku, kwa hiyo kuba inaipata, ila huangalia setilaiti moja kwa wakati mmoja. Runinga mbili zikitaka chaneli za setilaiti tofauti, mfano nyuzi 110 na 119, moja itakosa picha. Wauzaji hawalisemi hili kabisa. Pia chaneli za mji wako hurushwa kwa mwale mwembamba. Ukisafiri mbali zinapotea, hata dishi likiwa bora namna gani.

Kebo ya RG6 (aina ya kebo ya runinga) iliyopo ukutani mara nyingi inafaa. Spilita (kigawa kebo) ya antena ya kawaida haifai: huishia megahezi 1000, na mawimbi ya setilaiti kwenye kebo hufika 2150.

Kuna na wanaopiga simu wakijifanya wa kampuni: "Lipa miezi kadhaa mbele kwa kadi za zawadi, tukupunguzie nusu bei." Kata simu. Kampuni halali haidai malipo kwa kadi za zawadi. Ukiwa umeshatoa namba za kadi, ipigie mara moja kampuni iliyoitoa kadi hiyo, shika risiti mkononi, omba salio lizuiwe, kisha ripoti kwa FTC, mamlaka ya Marekani ya kulinda walaji, kupitia ReportFraud.ftc.gov.